Koti la Nomino

Mkuu wa shule alisubiri mpaka nimalize kusalimiana na kila mtu ofisini, kila mtu na pole yake, ndipo akaniita pembeni karibu na kabati la vitabu. Akaanza kuzunguka mbuyu. Akauliza afya yangu, akauliza mtoto anaendeleaje huko bweni, akasema wameshaomba mwalimu mpya wa Kiingereza lakini unajua mambo yalivyo. Nikamwambia, "Mkuu, sema tu." Akasema vipindi vya marehemu vya kidato cha pili havina mtu, mtihani wa taifa unakuja, na mwalimu wa lugha aliyebaki ni mimi. Marehemu alikuwa mume wangu. Mimi nafundisha Kiswahili. Nikasema sawa.

Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu siku zile. Mume wangu alianguka asubuhi moja nyumbani kwetu Nangara, hapa hapa Babati, akifunga kamba za viatu, anaongea na mimi niliyekuwa jikoni. Aliniuliza kitu kuhusu chumvi, sikumjibu haraka, na nilipotoka kumjibu hakuwa mtu wa kujibiwa tena. Tukampeleka kwao, juu kule Mbulu, tukamzika kwenye ukungu, nikarudi Babati. Watu walikuwa wananitazama wakisubiri nilie. Sikulia. Wala si kwamba nilijikaza, kama akina mama wa jumuiya walivyokuwa wakisifia. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mwili mzima. Niliambiwa kula, nikala. Niliambiwa lala, nikafumba macho. Hata fundi aliyekuja kung'oa maturubai yake nilimshika mkono nikamwambia asante kwa kuja, naye maskini akabaki amesimama na kamba zake.

Basi nikaingia darasani kwake. Pembeni ya ubao kulikuwa na misumari mitatu, na vitu vyake vitatu vilikuwa vimetundikwa vile vile alivyoviacha: koti, aproni na mtandio. Hakuna aliyevigusa. Wanafunzi wa Babati ni watundu, huwezi kuacha dasta ukaikuta, lakini vile hawakuvigusa.

Nieleze, maana mtu asiyejua angedhani ni duka la mitumba. Mume wangu alikuwa na shida moja na watoto wetu. Mtoto anasoma Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, anafika sekondari anakutana na Kiingereza uso kwa uso, na Kiingereza kina tabia mbaya: neno moja linafanya kazi za watu wote. Kwetu neno halitoki nyumbani uchi. Mpishi ni mpishi, unamjua kwa ile m ya mbele yake. Kupika ni kupika. Mapishi ni mapishi. Ukiliona tu unajua limetumwa kufanya nini. Sasa mpe mtoto neno kama *light*. Leo ni mwanga, kesho ni kuwasha, keshokutwa ni mfuko usio na uzito, na sura ni ile ile, herufi zile zile. Mtoto anaona anadanganywa. Anakariri maana moja, ya kwanza aliyoikuta, na anaing'ang'ania mpaka kwenye mtihani. Ndipo unapata yule aliyetafsiri kwamba mama yake alimtuma dukani na mwanga mkononi.

Mume wangu akasema Kiingereza ni kama wanaume wa mji huu. Asubuhi unamkuta mtu anaendesha bajaji, mchana anauza samaki wa ziwani, Jumapili anapiga kinanda kanisani, na ni yeye yule. Ukitaka kumjua sasa hivi ni nani, angalia amesimama wapi na amevaa nini. Hapo ndipo akaanza mambo ya nguo.

Alikuwa anateua mtoto mmoja awe neno. Mtoto anapita mbele, sentensi inaandikwa ubaoni, na darasa linaamua limvishe nini. Neno likiwa jina la kitu, linavaa koti, kwa sababu nomino ndiye mwenye nyumba. Likiwa tendo, linavaa aproni, kwa sababu linafanya kazi. Likiwa la kusifia, linajifunga mtandio, kwa sababu kazi yake ni kupamba wengine. *Light the stove*, mtoto anakimbilia aproni. *The bag is light*, anaivua, anachukua mtandio, wavulana wanajifunga mtandio shingoni wanatembea kwa madaha, darasa zima hoi. Aproni ilikuwa yangu, aliichukua jikoni bila kuniomba. Mtandio pia wangu, nilikuwa nimeushona kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nilimgombeza sana. Nikamwambia, "Wewe bwana, mbona hukupeleka chako?" Akasema, "Si nimepeleka koti?"

Kweli, koti lilikuwa lake. Koti zito la sufu, la kahawia, ambalo mama yake alimnunulia mnadani kule kwao alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Alikuja nalo Babati akiwa mwalimu mpya. Babati si mji wa koti lile. Asubuhi za Juni unaweza kutamani sweta, basi. Lilikaa ndani ya sanduku kwa muda mrefu mpaka alipolipatia kazi.

Kipindi changu cha kwanza sikufanya lolote la maana. Niliandika sentensi, mtoto akapita mbele, wenzake wakapiga kelele wakamvisha, akavua, akavaa. Mashine ilijiendesha yenyewe. Mimi nilisimama dirishani nimeshika chaki. Kengele ilipogonga nikatoka, na njiani kwenda ofisini nikagundua kwamba sikumbuki neno lilikuwa lipi.

Wiki ile shemeji yangu alinipigia simu. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa maneno machache, na kwa kweli hana ubaya. Alinisalimia, akaniuliza kama nimeamka salama, kisha akasema Jumamosi wazee watashuka kuja kugawa nguo za marehemu. Kwao nguo ya mtu aliyekufa haibaki imening'inia. Inatolewa yote siku moja, mbele ya watu, kila ndugu anapata kipande chake anaondoka amekivaa. Mjane hapewi kitu. Mjane ndiye anayezitoa, moja moja, kwa mikono yake.

"Sawa," nikasema.

"Na lile koti," akasema. "Lile la mama. Wazee wameliulizia. Koti linakwenda kwa mkubwa."

"Lipo shuleni, shemeji."

"Shuleni linafanya nini?"

Ungemweleza vipi mtu kwenye simu? Nikamwambia lipo kazini. Akasema basi nilitoe kazini kabla ya Jumamosi.

Hapo ndipo niliposikia kitu kwa mara ya kwanza tangu msiba, kidogo sana, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Mashati yake sikuyajali. Suruali, viatu, ile suti ya harusi, wachukue, wavae, wapendeze. Lakini koti lile nililitaka libaki kwenye msumari wake. Kila kitu chake kingine kilikuwa kimesimama siku aliyoanguka. Simu yake ilikuwa imezimika, sabuni yake imekauka bafuni. Koti peke yake ndilo lililokuwa bado linaamka asubuhi na kwenda kufundisha. Nililitaka. Sijui kulisema vizuri kuliko hivyo.

Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia shemeji. Nitasema ni zana ya kufundishia. Nitasema zana ikishaingia darasani ni mali ya shule, hata mimi sina mamlaka nayo, wazungumze na mkuu. Nilijua mkuu angenilinda, alikuwa na deni la roho na mimi kwa vile vipindi. Nilijirudia maneno hayo nikiosha vyombo, nikiwa kwenye bajaji, nikiwa nasimamia zamu ya usafi. Yalikuwa maneno mazuri kabisa.

Katikati ya hayo nikawapa watoto jaribio. Swali lilikuwa rahisi: neno lililopigiwa mstari katika kila sentensi ni la aina gani? Nikabeba karatasi nyumbani, nikakaa mezani kusahihisha. Karatasi ya kwanza, mtoto ameandika: *coat*. Nikadhani huyu amechoka. Ya pili: *apron*. Ya tatu: *scarf*, na pembeni amechora kabisa kimtandio. Nusu ya darasa walikuwa wamejibu hivyo. Jamani! Hawakukosea hata mmoja. Kila penye nomino palikuwa na koti, kila penye kitenzi palikuwa na aproni. Ila hakuna msahihishaji wa taifa, awe Dodoma awe wapi, atakayejua kwamba huku Babati nomino inaitwa koti.

Ningekuwa yule mimi wa zamani ningecheka mpaka majirani waje. Nilijua kabisa kwamba jambo lile linachekesha. Niligeuza shingo kumwonesha, upande ule wa meza alikokuwa anakaa kusahihisha, na nikaona kiti, na hata hapo sikusikia kitu. Nikachukua kalamu nyekundu nikawapa sifuri, wote, kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake waliponirudia wamenuna nikawaambia ukweli. Nikawaambia kwenye chumba cha mtihani hakutakuwa na msumari. Mtaliona neno peke yake na itabidi mlijue kwa mahali liliposimama. Nani yuko mbele yake, nani yuko nyuma yake. Kijana mmoja akanyoosha mkono, "Madam, kwa hiyo hizi nguo tuzitoe?"

"Koti libaki," nikasema. Nilisema haraka mno, hata wao walishtuka.

Alhamisi, muda wa mapumziko, mlinzi alikuja ofisini kuniambia nina mgeni. Nikatoka. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya orodha ya zamu, mgolole wake mabegani, viatu vyake vya raba vina udongo wa kule juu kwao. Alikuwa ameshuka na basi la kwanza. Mama huyu huwa hashuki Babati. Anasema joto la huku linamwibia pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Hapana mama, nipo."

"Umekonda," akasema. Kiswahili chake ni cha taratibu, kila neno analiweka chini kama mtu anayepanga mayai. Nikamkaribisha ofisini, akakataa. Nikataka kumletea chai, akakataa. Akanivuta mkono nikakaa pale kwenye benchi, akasogea karibu. "Nimekuja kabla ya wanaume," akasema. "Wao Jumamosi. Koti watampa kaka yake. Yule ana makoti. Yule hata ng'ombe wake wangeweza kuvaa makoti. Lile nililinunua mimi. Nilibeba mahindi kichwani mpaka mnadani, nikauza, nikanunua lile, nikambebea mwanangu. Nalitaka."

Sasa, maneno yangu yote nilikuwa nimeyatunga kwa ajili ya shemeji. Mali ya shule, zana, mkuu. Kwa mama sikuwa nimetunga hata moja. Nikasema lipo darasani.

"Nipeleke."

Kengele ilikuwa inagonga na kipindi kilikuwa changu, nikampeleka. Watoto walisimama. "Shikamoo bibi!" Darasa zima, kwa sauti moja. Akaitikia marahaba, akaenda akakaa dawati la nyuma kabisa, pembeni ya msichana aliyejibana kidogo ili bibi apate nafasi. Nikaandika sentensi ubaoni. Sikuwa na jingine la kufanya. Mwalimu akiishiwa na akili anaandika ubaoni. Neno la siku ile lilikuwa lile lile *light*, sentensi ilikuwa juu ya mwanga unaoingia dirishani. Nikamwita msichana mdogo wa safu ya mbele awe neno.

"Tumvishe nini?"

"Koti!" wakasema, halafu wakakumbuka sifuri zao. "Noun, madam!"

Akalitoa msumarini akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu, mikono imemezwa yote. Wenzake wakacheka kidogo. Na hapo nikamwona mama anainuka. Alitembea katikati ya madawati, taratibu, mpaka mbele. Akamshika yule mtoto mabega, akamgeuza. Akainua kola akaitazama. Akaingiza mkono ndani ya koti, kifuani, akapapasa bitana akitafuta mahali ambapo yeye mwenyewe aliwahi kushona, akapaona. Mtoto akatulia tuli, macho kwangu.

"Wanalifanyia nini?" akaniuliza.

"Anayelivaa anakuwa jina la kitu, mama. Mwanao ndiye aliyewafundisha hivyo."

"Na yeye alikuwa analivaa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hata watoto wangenyamaza. "Hapana mama. Hapa alikuwa anawavisha wao."

"Hata asubuhi?"

"Babati hakuna baridi ya koti, mama."

Alibaki ameshika ile kola. "Miaka yote," akasema. "Upepo ukivuma usiku nilikuwa nasema, sawa, mwanangu ana koti." Hakulia. Alikuwa ameshalia kaburini, alilia pale mpaka akashikwa na wanawake watatu, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nimeshika shada la maua kama nimeshikishwa na mtu.

Yapo mengi ambayo ningemwambia. Kwamba hakuruhusu mtoto yeyote apige magoti akiwa amelivaa. Kwamba likizo alilirudisha nyumbani, akalianika mwenyewe, hakuniachia hata mimi. Kwamba watoto wengi wa mji huu wanajua nomino kwa sababu ya mahindi aliyoyabeba kichwani. Na kwamba nalitaka, mama, niachie, wewe una kaburi lake huko juu na mimi huku sina kitu. Yote hayo yalikuwepo. Niliyaona kabisa yamejipanga. Hayakutoka.

"Nitalichukua," akasema.

"Chukua, mama."

Hivyo tu. Nilisema kwa sauti ile ile niliyokuwa nasemea kila kitu, sauti ya kupokea pole. Nikamvua mtoto koti mwenyewe, mkono mmoja, mkono wa pili, nikamkabidhi mama kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akaliegemeza kifuani. Akaniwekea kiganja chake shavuni, kigumu, kikavu, akasema, "Mungu akutunze," akatoka.

Nikageukia darasa. Yule msichana alikuwa bado amesimama mbele, na kashati kake keupe, mikono imening'inia, hajui arudi kukaa au abaki. Nikawauliza, "Haya, hapa neno letu ni la aina gani?" Wakajibu wote pamoja, noun. Nikauliza mmejuaje? Kijana mmoja akasema limetangulia kitenzi, madam, ndilo linaloingia dirishani. Vizuri sana. Hata mkaguzi angepiga makofi. Walikuwa wameshaelewa, koti hawakulihitaji tena. Mimi ndiye niliyelihitaji.

Nikaenda dirishani. Mama alikuwa amefika katikati ya uwanja wa mpira na alikuwa amelivaa. Jua lilikuwa kali, saa tano ile, hakuna mtu mwenye akili zake angevaa sufu. Alikuwa amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kwa nyuma yeye hakuonekana. Lilionekana koti tu, linakwenda zake kuelekea barabarani, halina haraka, na halikugeuka.

"Lile ni langu," nikasema.

Nilisema kwa sauti, darasa likasikia. Nikasema tena, "Lile koti ni langu, nilikuwa nalitaka," na sauti ikanipasuka katikati, na nikalia. Si kilio cha heshima. Nililia kwa hasira, mdomo wazi, nimeshika nondo za dirisha, kamasi zinatoka, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu na mkubwa. Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia mwanawe, aliyeondoka jibu langu la chumvi likiwa bado mdomoni. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, mimi na hiyo "chukua" yangu, maana ilitosha kusema hapana mara moja tu, na mdomo nilikuwa nao.

Nyuma yangu nikasikia madawati yanakwaruza sakafu. Watoto wa watu hawakujua la kufanya, wakafanya lile wanalolijua. Walisimama wote, wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama mwalimu anapoingia, na wakabaki wamesimama wakinisubiri niwaambie wakae.